Senti Kumi Ndani ya Ukuta

Leo nina kisa cha ukuta ulioanguka, na kutoka kwenye ukuta huo nitakupeleka hadi ndani ya jiwe jekundu lisilozidi punje ya hindi. Ukiona kama nimepotea njia, nivumilie. Najua ninakokwenda.

Mvua za Aprili zimeliangusha jiko la dani. Dani, kwa wasikilizaji wa mbali, ni nyanya kwa Kijaluo, mama mzazi wa baba yangu. Mwenyewe alituacha zamani, lakini jiko lake liliendelea kusimama pale nyumbani Otonglo, fito zake zimekaushwa na moshi wa miaka mingi mpaka mchwa wakazikatia tamaa. Ukitoka Kisumu mjini kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, utaona vilima vya Riat upande wa kulia. Soko utakalolikuta hapo ndilo Otonglo. Wakenya wengi wasiowahi kushuka matatu hapo walilisikia jina hili mwaka 2013, kijana Daniel Owira alipowavunja watu mbavu kwa simulizi yake ya Otonglo Time. Wazee wetu wanalijua neno hilo kwa maana nyingine: otonglo ni senti kumi. Na kumbe kitu tulichokikuta kwenye kifusi cha jiko la dani kilikuwa hichohicho, otonglo.

Binamu yangu alikuwa anakusanya udongo kwa jembe, akasikia ti! Akainama, akaokota bonge la udongo, akalipasua juu ya jiwe. Ndani yake mlikuwa na sarafu. Senti kumi ya Afrika Mashariki, ya shaba, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizolizunguka tundu. Tukaiosha, tukaisugua kwa mchanga, mwaka ukajitokeza: 1956.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba mdogo, ambaye anakaribia miaka tisini na hapendi kubishiwa, ametuambia maisha yetu yote kwamba jiko lile lilijengwa mwaka ambao vita vya Hitler vilikwisha, yaani 1945, na kwamba yeye mwenyewe, mtoto mdogo, alibeba maji ya kukandika. Binamu yangu akamwonyesha sarafu. "Baba, ukuta wa 1945 umeimezaje sarafu ya 1956?" Mzee akaigeuza sarafu, akaitazama kupitia lile tundu kana kwamba mtu amejificha upande wa pili, kisha akasema: "Nyathina, mwanangu, kuna mtoto aliisukuma kwenye ufa."

Tulicheka. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu hoja ya mzee ndiyo hoja ambayo wanajiolojia wanakabana nayo koo kila siku katika maabara zenye mashine ghali. Umri wa sarafu tunaujua, umeandikwa usoni pake. Swali ni sarafu inasema nini kuhusu ukuta. Ikiwa ilikandikwa humo pamoja na udongo, basi ukuta haukujengwa kabla ya 1956. Unaweza kuwa wa 1956, wa 1958, hata wa mwaka wa Uhuru, lakini si wa kabla. Ikiwa iliingizwa kwenye ufa baadaye, haisemi lolote kuhusu mjenzi. Inatuambia tu kwamba kulikuwa na mtoto mwenye senti kumi aliyewaogopa ndugu zake.

Sasa jiwe.

Kuna jiwe linaitwa ganeti. Mara nyingi ni jekundu lenye kuelekea zambarau, mara nyingine la rangi ya chungwa, na kwa bahati ya Kenya na Tanzania, mara chache sana ni la kijani kibichi. Hilo la kijani ndilo tsavoraiti. Mwanajiolojia Mskoti Campbell Bridges alilikuta kaskazini mashariki mwa Tanzania mwaka 1967, akaufuata mkondo wa miamba hadi Taita-Taveta upande wa Kenya, na mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikalipa jina kutokana na mbuga ya Tsavo. Bridges aliuawa mwaka 2009 katika ugomvi wa machimbo hukohuko Taita-Taveta. Ukizungumza na wanunuzi wa vito, kitu cha kwanza wanachotazama ni kama jiwe ni safi. Wanaliinua kwenye mwanga, wanalizungusha. Wakiona vidoa ndani yake, vumbi, vijiti, vichembe vyeusi, bei inaporomoka. Jiwe chafu hilo. Mkataji atalikata apate kipande kilicho wazi, na uchafu unakwenda na maji ya gurudumu.

Uchafu huo ndio ninaotaka kukuuzia jioni hii. Ni vijiwe vidogo vya aina nyingine ambavyo ganeti ilivimeza ilipokuwa inakua, na baadhi yake vina saa ndani.

Hapa Otonglo usianze kuchimba shamba la jirani. Kokoto tunazozivunja kandokando ya barabara hazitakupa ganeti ya kuvaa kidoleni. Ganeti ya vito inazaliwa mahali ambapo mwamba ulipikwa. Chukua tope la chini ya bahari, lifukie, lishushe kilomita ishirini, thelathini, joto lipande hadi nyuzi mia sita na zaidi, na uzito wa milima ulikandamize. Tope haliyeyuki. Linajipanga upya likiwa bado gumu, madini ya zamani yanavunjika na mapya yanajengeka. Huo ndio mwamba geu tuliosoma shuleni. Ganeti inaanza humo kama kitone, kisha inakua kuelekea nje kwa kula madini yaliyo jirani yake. Kile isichoweza kukisaga inakizunguka na kukifunika. Katikati ya jiwe ni sehemu kongwe, ukingoni ni changa, na vichembe vilivyomezwa vimekaa kila kimoja kwenye tabaka lake. Ni kama ukuta wa dani, ambao kila baada ya mavuno ulikandikwa tabaka jipya juu ya la zamani. Kuna ganeti nyingine ambazo zilikuwa zinazungushwa na mwamba huku zikikua, na safu za vichembe ndani yake zimejipinda kama gamba la konokono. Ukiitazama kwa hadubini unaona kabisa jinsi mwamba ulivyosukumwa.

Kati ya vinavyomezwa, viwili ndivyo vinavyotafutwa kwa ajili ya umri: zirkoni na monaziti. Zirkoni ni kijiwe kigumu, mara nyingi kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kinapojijenga kinaipokea urani, kwa kuwa atomu za urani zinatoshea kwenye nafasi zake. Risasi kinaikataa, haitoshei. Nasema risasi madini, ile ya kwenye betri za gari. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwake zirkoni ina urani na karibu haina risasi kabisa. Lakini urani haitulii. Atomu moja hapa, nyingine pale, inatoa mionzi na kugeuka, hatua kwa hatua, na mwisho wa safari yake ni risasi. Basi karibu risasi yote utakayoikuta ndani ya zirkoni ni mtoto wa urani iliyokuwamo, na ukihesabu watoto na wazazi waliobaki, unajua ndoa ina miaka mingapi.

Nikupe hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huambiwa tu "wanasayansi wamesema" wakaachwa hivyo. Urani kubwa, ya 238, nusu yake inageuka katika miaka bilioni 4.47. Kutokana na hapo unaweza kupiga hesabu. Ukikuta kwamba kwa kila atomu 100 za urani hiyo zilizobaki kuna kama atomu 10 za risasi iliyotokana nayo, kijiwe chako kina miaka takriban milioni 615. Zikiwa 36, miaka bilioni 2. Zikiwa 52, miaka bilioni 2.7, ambao ndio umri wa miamba mizee ya Nyanza yetu, ile ya ukanda wa dhahabu wa Migori. Na tena kuna urani ya pili, ya 235, ambayo nusu yake inageuka kwa miaka milioni 704 tu na kuacha risasi ya aina yake. Zirkoni moja, saa mbili, zinazokimbia kwa kasi tofauti. Zikitoa jibu moja, mpimaji analala usingizi. Zikitofautiana, anajua kuna risasi iliyotoroka njiani, au kijiwe kilikua mara mbili. Monaziti nayo ina thoria nyingi, ambayo pia huishia kuwa risasi, kwa hiyo hubeba saa ya tatu.

Mtu wa mwanzo mwanzo kuichukulia kazi hii kwa uzito alikuwa Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alichapisha umri wa miamba kwa kupima urani na risasi. Mwaka uleule, kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, akakubali kazi ya kutafuta madini Msumbiji. Madini ya maana hayakupatikana. Alichopata ni malaria iliyokaribia kumzika hukohuko. Miaka 40 baadaye, mwaka 1951, Holmes huyohuyo ndiye aliyeliweka kwenye maandishi jina la Ukanda wa Msumbiji, ule mkanda mrefu wa miamba iliyopikwa unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini. Uluguru, Usambara, Pare, Taita, zote zimo. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yaligongana hapo na kuinua milima ambayo wanajiolojia huilinganisha na Himalaya ya leo. Milima yenyewe imekwisha, imeliwa na mvua. Tunachotembea juu yake tukienda Voi au Same ni mizizi, na ganeti ndizo zilizokuwa zinapikwa kule chini.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kiko Usagara, katikati ya Tanzania. Huko kuna mwamba unaoitwa eklojaiti, ganeti nyekundu zimetapakaa katika madini ya kijani, mzuri kama kitenge. Eklojaiti hutokea pale mwamba wa sakafu ya bahari unapoburutwa chini ya bara hadi kina kikubwa. Huu wa Usagara ulifika kama kilomita 60. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walichapisha umri wake: miaka bilioni 2. Fikiria maana yake. Kulikuwa na ubishi, na bado upo, kuhusu lini dunia ilianza mtindo huu wa leo wa bahari kuzama chini ya bara, mtindo unaoleta matetemeko Japani na volkeno Indonesia. Kilima cha Tanzania kikawa shahidi kwamba miaka bilioni 2 iliyopita mtindo huo ulikuwa umeshaanza, na kwa muda mrefu hakukuwa na eklojaiti ya aina hiyo yenye umri mkubwa zaidi popote ilikoripotiwa. Mwaka 2004 Alan Collins, Steven Reddy na wenzao walirudi na vipimo vya zirkoni, jibu likabaki palepale kwenye bilioni 2. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo alikuwa Mtanzania, Abdulkarim Mruma. Ndiyo, Profesa Mruma yuleyule ambaye mwaka 2017 aliongoza kamati ya Rais Magufuli iliyofungua makontena ya makinikia bandarini. Watu walimjua kwa makontena. Mimi namheshimu kwa Usagara.

Sasa utaniuliza: kama zirkoni ina saa nzuri hivyo, kuna haja gani ya ganeti? Si uipime zirkoni popote ilipo?

Hapa turudi kwa baba mdogo. Kijiwe kilichokaa wazi kwenye mwamba kinaingiliwa. Maji ya moto yanapita katikati ya madini, yanakilamba, yanakijenga upya. Monaziti hasa ni nyepesi kusahau umri wake ikiguswa na maji hayo. Mwamba uliopikwa mara mbili, kama ilivyo miamba mingi ya Afrika Mashariki, unaweza kuwa na monaziti zilizoandika upya kila kitu katika mpiko wa pili. Lakini ile iliyomezwa na ganeti katika mpiko wa kwanza imefunikwa. Ganeti ni ngumu, haipitishi kitu kwa urahisi. Imeonekana mara nyingi kwamba katika mwamba mmoja, monaziti za ndani ya ganeti zina umri mkubwa kuliko dada zao waliobaki nje, na tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe: wa ndani anasimulia mpiko wa kwanza, wa nje anasimulia wa pili. Na kijiwe kilichomo ndani, kama hakijaguswa, kinaifunga ganeti kama ile 1956 inavyoufunga ukuta. Ganeti haiwezi kuwa kongwe kuliko ilichokimeza. Ukikuta kijiwe kimoja katikati ya ganeti na kingine karibu na ukingo, na umri wao unatofautiana kwa miaka milioni kadhaa, unaweza hata kukadiria jiwe lilichukua muda gani kunenepa.

Ila ufa. Ganeti hupasuka. Inapopandishwa kutoka kilomita nyingi chini, uzito unapungua, jiwe linatanuka, nyufa zinatokea ambazo jicho halizioni. Maji yanapita humo, yanaota monaziti mpya katikati ya jiwe la kale, na mpimaji asiye mwangalifu anaandika umri wa ufa akidhani ni umri wa jiwe. Mtoto ameisukuma sarafu.

Na usidhani haya huwapata wanafunzi tu. Jack Hills, magharibi mwa Australia, kuna zirkoni ambayo mwaka 2001 ilitangazwa kuwa na miaka bilioni 4.4, kitu kikongwe kuliko vyote vya dunia hii vilivyowahi kupimwa. Mwamba uliokibeba kijiwe hicho una miaka kama bilioni 3 tu. Zirkoni ilisafirishwa na mto, ikafukiwa kwenye kokoto, kokoto zikawa mwamba. Kwa hiyo tayari hapo una sarafu kongwe katika ukuta mchanga. Mwaka 2007 jarida la Nature likachapisha habari kwamba ndani ya zirkoni za Jack Hills kumeonekana vichembe vya almasi. Almasi inahitaji kina kirefu, basi watu wakaanza kuandika upya utoto wa dunia. Miaka michache baadaye watafiti wakachunguza tena, na almasi zile zikaonekana ni unga wa almasi ambao maabara hutumia kusugulia mawe yang'ae kabla ya kuyatazama kwa hadubini. Unga uliingia kwenye nyufa. Aliyeisukuma sarafu safari hii alikuwa fundi mwenyewe, na kitambaa chake cha kung'arishia.

Sisi Wakenya tuna kisa chetu cha namna hiyo, ingawa hakina ganeti. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna tabaka la majivu ya volkeno linaloitwa KBS. Sampuli ya kwanza iliyopelekwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, kwa sababu mto ulikuwa umechanganya majivu na chembe za mwamba wa kale sana. Wakachambua tena, wakapata milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaliona chini ya majivu hayo fuvu maarufu, lile la nambari 1470, na ghafla umri wa majivu ukawa umri wa babu zetu. Ubishi ukaendelea karibu miaka kumi. Waliochunguza meno ya nguruwe wa kale wakasema haiwezekani, nguruwe hawa ni sawa na wale wa Ethiopia ambao ni wachanga zaidi. Hatimaye vipimo vya fuwele zilizochaguliwa moja moja vikatulia kwenye miaka milioni 1.88 hivi. Nguruwe walikuwa sahihi. Mashine hazikuwa zimekosea kuhesabu. Zilihesabu chembe zilizopewa, na chembe hazikuwa zote za ukoo mmoja.

Ganeti yenyewe pia ina saa yake, maana inapenda madini adimu yanayoitwa lutesi, ambayo polepole hugeuka hafni. Unaweza kuiyeyusha ganeti ukaipima moja kwa moja. Lakini zirkoni iliyomezwa imejaa hafni ya zamani, na ikiyeyuka pamoja na ganeti inaharibu hesabu yote. Kwa hiyo maabara hutumia asidi juu ya jiko la kawaida, kiasi cha kuila ganeti na kuiacha zirkoni imekaa chini ya kikombe kama mchanga kwenye uji. Mgeni yuleyule aliyekuwa shahidi katika kesi moja anafukuzwa mahakamani katika kesi nyingine. Napenda sana jambo hili. Hakuna shahidi wa kila kesi.

Kwa wanaotaka kujua kazi inafanyikaje: jiwe linakatwa kipande chembamba ambacho mwanga unapita, linatazamwa, kila kichembe kinaandikiwa mahali pake, kiko katikati, kiko ukingoni, kimeguswa na ufa au hakijaguswa. Ndipo leza inaelekezwa, au mwale wa ioni kama ule wa mashine ya SHRIMP iliyoundwa Canberra, Australia, chini ya William Compston. Shimo linalochimbwa lina upana wa mikroni kama 30, chini ya nusu ya unene wa unywele wako. Upimaji wenyewe wa kitone kimoja ni dakika chache. Kutazama na kuandika kabla ya kupima ndiko kunakochukua wiki.

Na hapo, msikilizaji, ndipo mimi na binamu yangu tunapoaibika. Niliporudi kwenye kifusi asubuhi yake nilitaka kulitafuta lile bonge la udongo. Sarafu ilikuwa imelalaje? Udongo ulikuwa umeibana pande zote, na majani ya kukandikia yakiwa yamepita ndani ya lile tundu? Kama majani yalipita tunduni, kesi imekwisha, hakuna mtoto anayeweza kufanya hivyo kupitia ufa. Au kulikuwa na masizi pembeni yake, alama kwamba moshi wa jiko uliingia pale kupitia mwanya? Bonge lilishavunjwa. Vipande vilishakanyagwa na ng'ombe, na mvua ilikuwa imenyesha tena. Hata kama kungekuwa na jani moja ndani ya tundu, tulilitoa kwa mchanga tulipokuwa tunausaka mwaka. Tuna tarehe inayong'aa na hatuna ushahidi.

Kwa hiyo baba mdogo ameshinda. Jiko lilijengwa 1945, na hakuna anayeweza kumpinga, na kila jioni anatukumbusha.

Ombi langu ni dogo. Wewe unayechimba msingi Riat, unayevunja kokoto, unayelima kando ya ziwa kuanzia hapa hadi Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey aliokota fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul. Na wewe mchimbaji wa Kasigau au Mererani unayenisikiliza kwa simu: ukikuta kitu ndani ya kitu, usikitoe kwanza. Usikioshe. Piga picha kikiwa mahali pake, andika kimetoka upande gani na kina gani, na kama kuna ufa, uonekane kwenye picha. Jiwe safi uza, ni riziki yako. Lile chafu usilitupe kabla ya kumwonyesha mwanajiolojia. Na kama ni mfupa au chombo cha kale, Jumba la Makumbusho la Kisumu liko palepale mjini, nao wanapenda kuletewa habari ya mahali kabla ya kuletewa kitu chenyewe.